Ukuta Niliomjengea Mkweo

Kijiji cha Ujamaa Kasulo,
Ngara.
Julai, 1979.

Kwa kaka yangu Mayunga,

Shikamoo kaka. Nakuamkia nikiwa nimekaa wima na nimevua kofia, ingawa hunioni. Baada ya shikamoo nataka kujua hali yako huko hospitalini Bukoba: chakula kinapita, usingizi unakuja, na kidonda kimefikia wapi. Sisi huku ni wazima. Shemeji Nyamizi homa ya uzazi imemwacha, sasa anakwenda kisimani na kurudi bila kushikwa mkono. Mwanao Bulugu ananyonya kama ndama aliyefungiwa kutwa nzima. Ng'ombe wapo, mihogo ipo, mvua zimekatika na vumbi ndilo limeshika uongozi wa kijiji. Mimi mdogo wako Kazimili ni mzima kuliko wote, na uzuri umeniongezeka. Ukipita Ntobeye waulize wasichana, watakuthibitishia. Barua hii anaileta Shibuda, rafiki yako wa kikosini. Isome mbele yake, asije akakudanganya kwamba kwetu alikula kidogo.

Kabla ya habari nitoe shukrani, maana wewe husema mdomo wangu unajua kuomba tu. Baba na mama walipotutoka kule Geita, ni wewe uliyenichukua, na wakati wa Operesheni Vijiji ulipopewa kiwanja hapa Kasulo ulinijengea kwanza pa kulala mimi, wewe ukalala nje na ng'ombe. Ulipoitwa jeshini ukaniachia nyumba, mke mwenye mimba na mifugo, mimi ambaye mwalimu wa darasa la sita hakuthubutu kuniachia hata chaki. Nasema asante kaka. Vyote nimevitunza. Ndama mmoja tu alipotea, naye akarudi mwenyewe kwa aibu.

Sasa tuje kwenye ujumbe uliompa Shibuda. Nimeupata wote. Alinivuta nyuma ya ghala la kijiji, akaangalia kulia na kushoto kama mwizi wa karanga, ndipo akaniambia kwamba mguu wako wa kulia umeondoka na bomu la kutegwa ardhini, umekatwa juu ya goti, na kwamba nisimwambie mtu, hasa Shemeji. Nililia kaka. Hilo wa Ntobeye wasilijue. Kisha akaniambia la pili, kwamba umeruhusiwa kurudi nyumbani lakini hutaki, kwa kuwa mama mkwe wako yuko huku, na kwamba utaomba kazi ya kulinda ghala huko Bukoba mpaka atakapoondoka.

Sababu zako alizikariri kama sala. Ya kwanza, nyumba yetu ni chumba kimoja kirefu, na mtu na mama mkwe wake hawalali chini ya paa moja pasipo ukuta kati yao. Hiyo niliikubali, kila Msukuma ataikubali. Ya pili ndiyo iliyoniuma. Ulisema mwanamume akikutana na mama mkwe wake njiani huacha njia, huingia majanini na kugeuza mgongo mpaka mama apite. Wewe sasa una magongo mawili, na kabla hujageuka atakuwa amekufikia, atakutazama usoni, halafu atakutazama chini. Ulisema hutaki kusimama katikati ya njia kama nguzo ya simu mbele ya mama aliyekupa binti yake ukiwa mzima.

Kaka, kwa heshima zote, nilimuuliza Shibuda kama hilo bomu lilipiga mguu peke yake au liligusa na kichwa.

Maana mama mkwe hawezi kuondoka sasa. Alipofika kutoka Shinyanga, Shemeji alikuwa hajifungui wala haachi kuumwa, na mimi nilikuwa nazunguka nyumba kama kuku aliyepoteza vifaranga. Yeye alishuka kwenye lori la pamba, hakuomba hata maji, akaingia ndani. Mtoto alipotoka hakulia. Akampulizia, akampiga mgongoni, akamgeuza miguu juu mpaka akalia, kijiji kizima kikasikia. Shemeji alipata homa, na mama huyo ndiye aliyemwosha, akamlisha uji kwa kijiko na kumkanda tumbo, siku baada ya siku. Kama si yeye, leo ningekuwa nakuandikia barua ya namna nyingine. Na bado Shemeji hajaweza kushika jembe. Kwa hiyo yeye hawezi kuondoka, na wewe huwezi kurudi, na katikati yenu yuko mtoto ambaye hajamjua baba yake. Nikaona hapa patajengwa ukuta, na fundi ni mimi.

Jina la mama mkwe silitaji humu, maana hata likitoka kwa wino ni kulitaja. Nami ni mkwe wake kwa ukoo. Tangu afike nalala jikoni na mbuzi, na akiwa na neno la kuniambia humwambia mtoto. Humshika Bulugu, akamwambia kwamba baba yake mdogo anapasua kuni kama anayeogopa kuziumiza, nami najibu nikitazama ukuta kwamba, Bulugu, mwambie bibi yako kuni zimesikia. Mtoto mwenyewe huwa amelala. Nadhani hakuna mtoto Kasulo aliyepokea ujumbe mwingi kuliko mwanao.

Mbao nilizipata kwa mwenyekiti wetu, Mzee Celestini. Nilikwenda kwake na hotuba ndefu niliyoitunga njiani kuhusu askari waliolinda nchi na familia zao zilizobaki nyuma. Hakuniacha nifike mwisho. Alisema mbao zilizobaki kwenye ghala la kijiji zinaliwa na mchwa, nichukue, na kwamba akisikia nimejengea banda la kuku atanisimamisha mbele ya mkutano wa kijiji. Alinisaidia na kuzibeba, mzee wa watu. Mpe shukrani ukija.

Vyombo nilikopa kwa Ndikuriyo, yule Mrundi mtengeneza vitanda. Unamjua, sauti yake hufika mahali kabla yake. Alinipa msumeno, randa na keekee kwa sharti moja, kwamba aruhusiwe kukaa pembeni akicheka. Nikakubali, nikidhani nitamnyima nafasi.

Nikaanza vizuri, kaka, na hapa usinikatize. Nililaza ubao mmoja sakafuni toka ukuta wa kushoto hadi wa kulia, nikafunga mwingine juu kwenye boriti, nikateremsha kamba yenye jiwe ili wa juu uwe sawasawa na wa chini. Jiwe likatulia palepale. Nikamtazama Ndikuriyo, naye akatazama pembeni. Baada ya hapo nikapima nguzo ya kwanza, ikaingia kati ya mbao hizo kama mkono kwenye mfuko. Nikasema kazi imekwisha. Nikakata nguzo zote kwa kipimo cha hiyo ya kwanza, nikazipanga uani kama askari wa gwaride, nikaita watu waone.

Kumbe sakafu yetu ya udongo ina tumbo. Pembeni imeinuka, katikati imezama pale tulipokuwa tunaweka mtungi. Nguzo ya pili ilicheza, ya tatu ikaanguka yenyewe, na ya kule mwisho ilikataa kuingia hata nilipoipiga nyundo mpaka majani ya paa yakanimwagikia kichwani. Ndikuriyo alicheka akashika mbavu. Alisema huo si ukuta, ni meno ya mzee. Halafu akasimama, akanionyesha kwamba kila nguzo hupimwa mahali pake, kama viatu, huwezi kumpima mtu mmoja ukawavika ukoo mzima. Zile fupi tukazigeuza kuwa mbao za kulala katikati ya nguzo, za kukaza. Hakuna kilichopotea ila sifa zangu kidogo, na hizo ninazo nyingi.

Misumari haikuwepo. Tangu vita vianze duka la kijiji lina kibiriti cha kuhesabu na majani ya chai ya mwaka juzi. Kwa hiyo tukatoboa kwa keekee na kupigilia vijiti vya mti mgumu vilivyokaushwa jikoni juu ya moshi. Ukivigonga vikalia kama chuma, ujue vimekubali. Pande zote mbili nikafunga matete ya bondeni kwa kamba za magome, katikati nikajaza nyasi kavu, kisha nikakandika udongo na samadi mpaka ukawa laini kama shavu. Nyasi ni wazo langu mwenyewe. Unisamehe kaka, lakini mama mkwe wako akilala hukoroma kama lori la jeshi linalopanda mlima wa Rulenge, na nilitaka mkae kwa heshima pande zote.

Mpango wangu ulikuwa huu. Ninyi wenye nyumba mkae ndani, upande wa nyuma, na mama mkwe akae upande wa mbele karibu na mlango wa nje. Katikati ya ukuta niliacha nafasi ya mlango wenu, mpana, na fremu yake niliipiga randa mpaka ukiigusa unataka kuinunua. Ukuta ulipokauka nikaita majirani. Walikuja wengi. Nikasimama mbele yao, nikasema nusu ya ile hotuba ambayo Mzee Celestini alinikatisha. Walishangaa kweli. Wazee waligonga ukuta kwa fimbo, ukajibu vizuri.

Ndipo Odeta, mke wa Ndikuriyo, akauliza kwa upole kabisa kwamba, huyo Mayunga akitaka kwenda chooni asubuhi, atapita wapi. Nikamwonyesha mlango wangu mzuri. Akauliza akishapita hapo atakuwa wapi. Nikataka kujibu, nikaona kitanda cha mama mkwe, na nyuma yake mlango wa nje, mmoja tu, kama nyumba zote za Operesheni. Kaka, nilikuwa nimejenga ukuta wa kumficha mkwe, halafu nikampitisha mkwe mwenzake juu ya blanketi lake. Watu walicheka mpaka mtoto akaamka. Mzee mmoja alisema labda Mayunga afunzwe kutokea juu ya paa. Ndikuriyo alijitetea kwamba yeye alikuwa anapima mbao, hakuwa anapima desturi za Wasukuma.

Nilikwenda kukaa na mbuzi. Nilikuwa nafikiri kwamba Shibuda atarudi Bukoba na mkono mtupu, nawe utakaa kwenye ghala lako ukilinda magunia, mpaka Bulugu aote ndevu.

Asubuhi yake nilisikia jembe linapiga nyumba. Nikatoka mbio. Ni mama mkwe, amefunga kanga kiunoni, yuko nyuma ya nyumba yako anabomoa ukuta wa nje. Majirani walikuwa wamesimama mbali, midomo wazi, maana nani amewahi kuona mama mkwe akibomoa nyumba ya mkwewe, tena mwenyewe hayupo. Nilimgeuzia mgongo kama inavyotakiwa, nikamwomba Bulugu, aliyekuwa mgongoni kwa bibi yake, anieleze kuna nini. Bibi akamwambia Bulugu kwamba mlango wa mbele ni wa mwenye nyumba na utabaki wake. Bibi atakaa upande wa nyuma, na mlango wake ni huu anaouchimba. Na baba mdogo, badala ya kusimama kama kigingi cha mbuzi, alete msumeno akate fito.

Nikaleta msumeno. Tukafanya kazi pamoja, yeye akibomoa, mimi nikikata, migongo ikitazamana, na maneno yote yakipitia kwa mtoto. Ule mlango wa katikati tukauziba, tukaacha kidirisha tu cha kupitishia mtoto usiku akililia bibi. Halafu akamwambia Bulugu jambo lililoniduwaza. Alisema fremu pana ing'olewe katikati, ihamishiwe mlango wa mbele, maana ndiko atakakoingilia yule aliyekatiwa upana huo.

Hapa ndipo penyewe kaka, nimekuzungusha barua nzima nikipanga nitasemaje. Wanajua. Mama mkwe anajua, na Shemeji anajua. Mdomo wangu haukufunguka, naapa kwa kaburi la mama, na Shibuda hakusema. Ni mlango uliosema.

Ilikuwa kabla sijakandika udongo. Nilikuwa nimesimamisha fremu ya kwanza, ya upana wa milango yote, nikawa na wasiwasi kama mtu mwenye magongo atapita. Nani wa kumuuliza. Wanawake walikwenda kisimani, nikapata nafasi. Nilichukua mipini miwili ya majembe nikaiweka kwapani, na kwa kuwa mimi nikifanya jambo nalifanya sawasawa, nikaukunja mguu wa kulia nikaufunga kwa kamba. Nikaanza kuruka. Mara ya kwanza nikagonga bega, mara ya pili nikanasa mpini. Nilikuwa najiandaa kwa mara nyingine nilipoona kivuli mlangoni. Mama mkwe alirudi kuchukua kibuyu.

Ilinibidi nikimbie, nigeuke, nifanye lolote. Nikageuka, mguu umefungwa, nikaanguka na fremu yote. Na pale chini, kaka, nilikuelewa. Nilikuwa nimecheka sababu yako ya pili, lakini kulala vile mbele ya mkwe, huwezi kuondoka wala kujificha, hapana, si jambo la kuchekwa. Nisamehe lile neno la bomu na kichwa, nimeshaliandika na wino hauna mkia wa kulivuta.

Hakuondoka. Alitazama kamba iliyofunga mguu, akatazama mipini, akatazama fremu. Kisha akamvuta Bulugu kutoka mgongoni, akamweka kifuani, akamwambia taratibu kwamba baba yake ana mabega mapana kuliko huyu baba mdogo, kwa hiyo mlango uongezwe upana wa kiganja. Akachukua kibuyu chake akaenda.

Shemeji aliambiwa na mama yake huko kisimani. Alirudi macho mekundu. Nilifikiri amekasirika kwa kufichwa, na kweli alikasirika, ila si na mimi. Alisema nikuandikie, na maneno haya ni yake, sijatia chumvi, kwamba alipokuwa anaungua na homa hakumwomba Mungu amrudishie miguu, alimwomba amrudishie mtu. Kama umeamua kulinda ghala, atambeba mtoto na kuja kukaa kwenye mlango wa hilo ghala, na uone kama utaruhusiwa kumfukuza.

Na kuhusu njia. Hii ndiyo niliyotumwa kuisema hasa, na nimekatazwa kuifupisha. Tangu mlango wa nyuma ukamilike, mama mkwe hatumii tena njia ya kisimani. Amechukua jembe lake, na kutoka mlangoni kwake amefyeka njia yake mwenyewe, inapita katikati ya majani marefu nyuma ya mihogo, inazunguka kichuguu, inatokea kisimani upande wa chini. Ni ndefu na ina miiba. Nilimwomba Bulugu amuulize bibi kwa nini ajitese wakati njia nzuri ipo mbele ya nyumba. Bibi akamwambia Bulugu kwamba ile ni ya baba yake. Akitaka kusimama katikati yake asimame, akitaka kukaa akae, hakuna mtu atakayekuja mbele yake. Siku hizi, alisema, mwenye miguu miwili ndiye anayeingia majanini.

Kaka, nilikwenda tu nikang'oa miiba kwenye ile njia yake, akiwa hayupo.

Basi sababu zako zote mbili zimekwisha, ya tatu usiitafute. Lori la kijiji linakuja Bukoba na mahindi, na Shibuda amekubaliana na dereva ukae mbele. Nitakuwa barabarani na baiskeli ya Ndikuriyo, ambaye ameitoa bila hata kuombwa, ila amesema atakuja nayo ili aone nikikuangusha.

Pokea salamu za Mzee Celestini, za Odeta anayecheka hadi leo, na za ng'ombe wako wote kwa majina yao. Shemeji anakusalimu, na zaidi ya hapo amesema atakuambia mwenyewe. Bulugu anakuamkia shikamoo. Mama mkwe hatumi salamu, kwa heshima yenu ninyi wawili, lakini nilipokuwa naandika hapa uani nilimsikia upande wake wa ukuta akimwambia mtoto kwamba huyo anayeandika asisahau kuuliza kama baba yake anapenda uji wa ulezi au wa mtama. Kwa hiyo nauliza. Jibu uje nalo mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako mtiifu, fundi,

Kazimili